Miradi ya mwaka wa mwisho ya uhandisi wa kemikali ivuke milango ya idara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni kwa muda mrefu, nalo ni namna tunavyowafundisha vijana wetu wa uhandisi wa kemikali kusanifu mitambo katika mwaka wao wa mwisho chuoni. Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, wanafunzi wa mwaka wa nne husimama mbele ya jopo la walimu kutetea miradi ya usanifu waliyoihangaikia kwa mihula miwili. Nimealikwa mara kadhaa kukaa katika majopo hayo kama mtu wa kiwandani, na kila mara nimeondoka nikiwa na furaha kwa jinsi vijana wanavyozimudu hesabu zao, lakini pia nikiwa na wasiwasi, kwa sababu mwanafunzi amesanifu kiwanda kizima bila kuzungumza hata siku moja na mwenzake wa mitambo, wa umeme au wa ujenzi ambaye anasoma jengo la jirani na wanakula naye kantini moja.

Kwa msomaji ambaye hakupitia fani hii, mradi huo huwa hivi. Mwanafunzi hupewa bidhaa na kiasi chake, tuseme ethanoli, yaani alkoholi, kutokana na molasi, ule uji mzito unaobaki sukari inapotengenezwa, kisha huchagua njia ya kuitengeneza, hukokotoa kinachoingia na kinachotoka katika kila hatua, hupima joto linalohitajika na linalopotea, hupanga ukubwa wa matangi, pampu na mabomba, na mwishoni hukadiria gharama na hatari zake. Ukifanywa kwa bidii, mradi huo ndio mahali ambapo masomo ya miaka minne hukutana. Siudharau hata kidogo, na ninachoomba ni kwamba uache kufanywa na fani moja peke yake.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi nilisanifu kiwanda cha molasi cha namna hiyo, nikapata alama nzuri, na kitabu changu kikajalidiwa kwa jalada jeusi na kuwekwa kwenye rafu ya idara. Miaka mitatu baadaye, nikiwa bado kijana katika kiwanda ambacho sitakitaja, niliagizwa kuongeza tangi la molasi juu ya jukwaa la zege lililokuwepo karibu na matangi ya kuchachushia. Nilipiga hesabu ya mahitaji ya uzalishaji, nikapata mita za ujazo 20, nikamwandikia mhandisi wa ujenzi kwamba jukwaa liimarishwe ili libebe tangi la mita za ujazo 20. Yeye aliisoma barua yangu kama mhandisi yeyote wa ujenzi aliyezoea matangi ya maji angeisoma: mita moja ya ujazo ni tani moja, kwa hiyo ni tani 20, pamoja na uzito wa tangi lenyewe. Molasi, hata hivyo, ni nzito kuliko maji. Mita moja ya ujazo ya molasi ina takriban tani 1.4, na tangi lile likijaa lilikuwa na tani 28. Namba hiyo niliijua vizuri sana, maana katika mradi wangu wa chuo niliitumia ukurasa baada ya ukurasa kukokotoa pampu na mabomba. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu mwingine anayeihitaji. Wiki ya tatu baada ya tangi kujazwa, fundi mmoja wa zamu ya usiku aliona ufa chini ya boriti, akaita watu, nasi tukahamisha molasi usiku kucha. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, na boriti iliwekewa nguzo ya chuma ambayo kwa miaka yote niliyofanya kazi pale nilipita kando yake kila asubuhi.

Nimeufikiria ufa ule mara nyingi. Mwenzangu wa ujenzi alikuwa mtu makini, na hesabu zake za zege zilipokaguliwa upya zilikuwa sahihi kwa uzito alioudhania. Hesabu zangu za molasi nazo zilikuwa sahihi. Zege lilipasuka pale kazi yangu ilipokabidhiwa kwake, na mahali hapo pa makabidhiano hakuna mwalimu aliyewahi kutusimamisha, si mimi wala yeye.

Yapo makabidhiano yaliyoharibika na kugharimu roho za watu. Huko Flixborough, Uingereza, kiwanda cha Nypro kilitengeneza kaprolaktamu, ambayo ni malighafi ya nailoni, kwa kuoksidisha, yaani kuunganisha na oksijeni, saikloheksani, kimiminika kinachowaka upesi, katika matangi sita yaliyopangwa kwa kushuka kidogo kidogo, ili kimiminika kitiririke chenyewe kutoka la kwanza hadi la sita. Mwezi Machi 1974 tangi la tano lilikutwa na ufa. Liliondolewa, na ili uzalishaji usisimame kwa muda mrefu, ikaamuliwa kuunganisha tangi la nne na la sita kwa bomba la muda. Kwa kuwa matangi hayo mawili hayakuwa katika kimo kimoja, bomba lilibidi lipindwe, na kila ncha yake ikaungwa kwenye kiungo chenye mikunjo inayonyumbulika. Mchoro wake pekee ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Nafasi ya mhandisi wa kiwanda ilikuwa wazi tangu mapema mwaka huo, na miongoni mwa waliobaki hapakuwa na mhandisi wa mitambo mwenye sifa kamili, ambaye angeuliza bomba lililopindwa namna hiyo, lililolala juu ya jukwaa la muda la mafundi, litafanya nini likisukumwa kutoka ndani na kimiminika chenye joto la zaidi ya nyuzi 150. Jumamosi ya tarehe 1 Juni 1974 bomba liliachia, wingu la mvuke wa saikloheksani likatoka na kulipuka. Watu 28 walikufa, na 18 kati yao walikuwa katika chumba cha kuongozea mitambo. Ingekuwa siku ya kazi ya katikati ya wiki, ofisi zikiwa zimejaa, idadi ingekuwa kubwa zaidi.

Watu wa Flixborough waliijua kemia ya saikloheksani kuliko mimi na wengi wa wanaosoma barua hii. Ndiyo maana kisa hicho kinanisumbua. Katika majopo ninayoketi, huwa namwuliza mwanafunzi ni nani atakayechora vishikizo vya mabomba ya mtambo wake, naye hunijibu haraka kwamba ni mhandisi wa mitambo, jibu ambalo ni sahihi. Kisha namwuliza atamkabidhi mhandisi huyo taarifa gani ili aweze kuvichora. Hapo kimya huwa kirefu, na si kwa sababu mwanafunzi hana akili; hajawahi kuulizwa na mtu anayelihitaji jibu hilo ili kazi yake mwenyewe iendelee.

Vyuo vingine vililiona jambo hili zamani. Chuo cha Harvey Mudd, California, kilianzisha mwaka 1963 kile walichokiita kliniki ya uhandisi, ambamo vikundi vya wanafunzi hupewa tatizo halisi na kampuni iliyo nalo, kama vile mwanafunzi wa udaktari anavyojifunza kwa mgonjwa aliyelala kitandani. Chuo Kikuu cha Rowan, New Jersey, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa uhandisi mwaka 1996, kiliifanya kliniki ya aina hiyo kuwa somo la mihula yote minane, wanafunzi wa kemikali, mitambo, umeme na ujenzi wakiwa pamoja. Katika miaka hiyo hiyo ABET, chombo cha Marekani kinachotoa ithibati kwa programu za uhandisi, kiliandika katika vigezo vyake vipya kwamba mhitimu awe na uwezo wa kufanya kazi katika kundi la fani mbalimbali. Nataja mifano hii kwa kifupi kwa sababu matatizo ya kuwapa vijana wetu tunayo hapa hapa, tena mazuri.

Mimi naishi Tanga, kwa hiyo nitatoa mfano wa mkonge. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893, tumekuwa tukikata jani, tukilipitisha kwenye korona, mashine ya kulikwangua, na kuchukua singa, yaani nyuzi zake, ambazo hazizidi sana asilimia nne ya uzito wa jani bichi. Yaliyobaki, yaani nyama ya jani pamoja na maji ya kuoshea, kwa sehemu kubwa tumeyaacha yatiririke kwenye mifereji hadi mabondeni, na kila aliyekulia karibu na shamba la mkonge anaijua harufu yake. Kule Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa katika muongo wa kwanza wa karne hii mtambo wa majaribio wa kutoa bayogesi na umeme kutokana na taka hizo, kwa hiyo simwombi mwanafunzi aote ndoto. Namwomba achukue tatizo ambalo limekwisha kuguswa na mikono ya watu, na ambalo bado lina mengi ya kuuliza.

Mpe mada hiyo mwanafunzi wa uhandisi wa kemikali peke yake, naye atafanya kazi safi. Atapima taka zinazotoka kwa siku, atatoa maji, atapata sehemu inayoweza kumeng'enywa na bakteria, atachukua muda wa kukaa ndani ya tangi, atapata ujazo wa tangi na kiasi cha gesi, atakadiria kwamba methani, sehemu ya gesi hiyo inayowaka, ni kama asilimia 60 na kwamba kila mita ya ujazo ya gesi yote itatoa kama kilowati-saa mbili za umeme. Atafunga kitabu.

Sasa mketishe na wenzake. Wa mitambo, akiwa amekwenda kusimama kando ya korona kwa siku moja tu, atamwambia kwamba nyuzi fupi nyingi hubaki ndani ya taka, na kwamba nyuzi hizo hujisokota kwenye mhimili wa pampu na kwenye mapanga ya kukorogea mpaka mota inalemewa. Lazima zichujwe au zikatwekatwe kabla ya kuingia, na zikichujwa, hesabu ya gesi inabadilika kwa sababu kilichochujwa nacho kilihesabiwa. Wa ujenzi atauliza ni kwa nini tangi ni kubwa kiasi hicho, na itaonekana kwamba sehemu kubwa ya linachobeba ni maji ya kuoshea. Maji hayo yakipunguzwa kwenye korona, tangi litapungua na zege litapungua, ila uji utakuwa mzito na pampu iliyochaguliwa haitauweza, na swali litakuwa limerudi mezani kwa mwenzao wa mitambo. Wa umeme naye atauliza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kemia: korona hufanya kazi mchana, lakini bakteria hawalali. Gesi ya usiku itakwenda wapi? Ama jenereta iendelee kuzunguka na umeme uuzwe kwenye gridi ya taifa, na hapo ni lazima mtambo uendane na gridi kwa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, uwe na ulinzi wa kujitenga pale njia ya umeme inapokatika, na ufuate utaratibu wa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, wa wazalishaji wadogo wa kuanzia kilowati 100 hadi megawati 10. Ama gesi ihifadhiwe mpaka asubuhi, na hapo mwanafunzi wa kemikali arudi kusanifu hifadhi ya gesi ambayo hakuwa ameifikiria.

Kuna jambo moja dogo katika mfano huu ambalo nalipenda sana. Bayogesi hubeba gesi nyingine, salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka kama mayai viza, nayo hula vyuma vya injini. Kuiondoa ni kazi ya mhandisi wa kemikali, na njia zipo, mojawapo ikiwa ni kuipitisha gesi kwenye chuma chenye kutu. Lakini iondolewe hadi kiwango gani? Kemia pekee haina jibu. Jibu liko katika kijitabu cha injini, ambacho kimeshikwa na mwanafunzi wa mitambo, na bei ya kulifikia jibu hilo iko kwa mwanafunzi wa biashara, ambaye natamani naye awepo, kwa kuwa ndiye atakayewaambia kama shamba linaweza kulipia usafi wote huo au ni nafuu zaidi kubadilisha mafuta ya injini mara kwa mara. Katika mazungumzo ya namna hiyo ukubwa wa tangi utabadilika mara tatu au nne, na kijana atagundua kwamba namba aliyodhani ni yake peke yake ilikuwa ya watu watano.

Najua kwa nini mambo hayaendi hivyo, na sitawalaumu walimu. Kila idara ina ratiba yake ya mawasilisho, ina mwongozo wake wa kutoa alama, na kazi ya mhadhiri huhesabiwa ndani ya idara yake. Akisimamia mwanafunzi wa idara nyingine, ni nani atakayemhesabia saa zake? Haya ni mambo ya utawala, na wenye mamlaka wakikaa kikao kimoja wanaweza kuyamaliza. Hoja nzito zaidi niliyowahi kupewa na mwalimu ninayemheshimu ni kwamba mwanafunzi akichanganywa na wengine atapungukiwa kina, atajua kidogo kidogo cha kila fani na hatajua kuusanifu kwa mkono wake mwenyewe mnara wa kukenekea, ule wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha. Hoja hiyo sitaipuuza, kwa maana mhandisi wa kemikali asiyeweza kufanya kwa penseli urari wa mada na wa nishati, yaani hesabu ya vitu na joto vinavyoingia na kutoka, hatafaa kiwandani, hata awe na marafiki wengi namna gani katika fani nyingine. Kwa hiyo ningependa kila mwanafunzi aendelee kuandika sura yake mwenyewe, yenye kina cha fani yake, ikasahihishwe na idara yake kwa ukali ule ule wa siku zote, na kwamba nusu nyingine ya alama itokane na mtambo mmoja walioujenga pamoja kwenye karatasi. Kuhusu hofu ya mvivu kujificha nyuma ya wenzake, dawa yake ni mahojiano ya mtu mmoja mmoja, ambamo kila mmoja aulizwe pia juu ya sehemu ya mwenzake: imekupa namba gani, umeitumia wapi, na ikibadilika wewe unabadilisha nini.

Zaidi ya hayo, nina pendekezo moja ambalo halina gharama yoyote. Kiwandani tuna daftari la makabidhiano ya zamu, ambamo anayeondoka humwandikia anayeingia hali ya mitambo alivyoiacha. Kila kikundi cha wanafunzi kiwe na daftari lake la makabidhiano, na kila namba inayotoka mkono mmoja kwenda mwingine iandikwe humo: ni kitu gani, ujazo wake, uzito wake, joto lake, mgandamizo wake, nani ameitoa, nani ameipokea, na tarehe gani. Jopo lianze kwa kulisoma daftari hilo kabla ya kufungua kitabu chenye jalada. Daftari la namna hiyo lingekuwepo siku ile nilipoandika barua yangu, mstari wake mmoja ungesomeka: molasi, mita za ujazo 20, tani 28.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya kijana atayajifunza kazini. Ni kweli kwamba Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa ikiendesha tangu mwaka 2003 mpango wa mafunzo ya miaka mitatu kwa wahandisi wahitimu, na nimewaona vijana wengi wakikomaa chini ya mpango huo. Lakini kwenye mafunzo ya kazini boriti ni ya kweli na bomba ni la kweli. Chuoni kosa la tani nane hufutwa kwa kifutio, na ni afadhali kila mhandisi awe amelifanya mara moja huko.

Sisi wa viwandani nasi tuna deni. Nimewahi kumwona mwanafunzi aliyesafiri usiku kucha akirudishwa getini kwa sababu aliomba takwimu za maji machafu, akaambiwa kwamba hizo ni siri. Ziko siri za kweli za biashara, lakini kiasi cha taka kinachopita kwenye mfereji ambao kijiji kizima kinauona hakiwezi kuwa mojawapo. Kiwanda kikimtoa mhandisi mmoja kwa alasiri moja kila baada ya wiki mbili akae na kikundi cha vijana watano, kitapoteza saa chache, na kitapata watu watano waliokifikiria kwa miezi minane.

Idara zitakapoanza kugawa mada za mwaka ujao wa masomo, ombi langu kwa wakuu wa idara za uhandisi ni kwamba waanze na mada moja tu. Ibandikwe siku moja kwenye mbao za matangazo za idara zote nne, ikiwa na majina ya wasimamizi wawili wa idara tofauti, na nafasi za wanafunzi zikiwa zimeandikwa kwa fani. Ikiwa mada hiyo itakuwa ya mkonge, niko tayari kukipeleka kikundi hicho mimi mwenyewe shambani na kukaa nacho zamu nzima, tangu majani yanaposhushwa mbele ya korona hadi maji ya mwisho yanapoingia mferejini, na namba zote nilizonazo katika madaftari yangu nitawakabidhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi wa kemikali,
Tanga